Ndui Iliyoinuliwa Juu ya Mstari

Mwaka wa Farasi, mwezi wa pili, siku ya tisa

Mjomba Demchig,

Mwandiko ulio kwenye kitabu cha Babu tangu kiangazi kilichopita si wa Babu. Ni wangu. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama.

Nisamehe, nimeanza kabla ya salamu. Ningeanza na salamu ningeishia hapo hapo, najijua. Basi, hujambo Mjomba? Baridi ya huko mji mkuu imekupitisha salama? Sisi hatujambo. Kondoo wanazaa, na Mama hajapata kunywa chai ya moto siku kumi sasa. Ng'ombe mwekundu kazaa ndama mwenye doa jeupe usoni. Mimi nimemaliza shule ya wasichana. Mwalimu aliandika kwenye cheti changu: "Anaandika vizuri. Hasikiki." Mama alicheka sana, akasema maneno hayo wangeweza kuyaandika siku niliyozaliwa.

Naweza kukuambia wewe kwa sababu hujawahi kuniona. Uliondoka miaka miwili kabla sijazaliwa. Ukinikasirikia, utamkasirikia mtu usiyemjua sura.

Macho ya Babu yameingia ukungu. Anauona mwanga wa mlango tu. Kiangazi kile aliniomba nimmalizie sentensi moja. Kesho yake, ukurasa. "Andika kama mimi," aliniambia. "Kandamiza kalamu. Mimi siandiki, mimi nalima." Nikajifunza kukandamiza kalamu ya mwanzi mpaka karatasi inashika mfereji. Mwezi wa kumi Karani Luvsan wa ofisi ya wilaya alikuja kuangalia kazi. Akafungua daftari la tisa, akatikisa kichwa.

"Mzee, mkono wako bado ni chuma! Wangu mimi asubuhi ukishika kalamu unacheza ngoma."

"Punguza pombe ya maziwa," Babu akamjibu.

Nilikuwa nakoroga chai. Uso uliniwaka, nikajifanya moto ndio ulioniunguza.

Wakijua, watayarudisha madaftari yote kumi na mbili. Watasema historia ya ukoo haiandikwi na msichana wa miaka kumi na saba, mtafute mtu mwenye muhuri. Babu ameiandika miaka arobaini.

Sasa jambo lenyewe. Imekuja amri kwamba kila ukoo upeleke historia yake mji mkuu ifikapo mwezi wa nane, ilinganishwe na Kitabu cha Kaizari kilichochapwa. Na Babu amerudi kwenye ukurasa aliokuwa ameuruka, wa Mwaka wa Panya, miaka mia na hamsini iliyopita. Umekisoma Kitabu cha Kaizari. Kinasema hivi kuhusu kaka wa babu yetu wa kale: "Jambal, mkuu wa kituo cha farasi. Alikufa kwa ndui. Hakuacha mtoto."

Babu ananiambia niandike hivi: kwamba majira yale ya baridi watu walikuwa wamekamuliwa farasi na vijana mpaka basi, kwamba Jambal alifungua mazizi ya kituo akawaachia farasi wote nyikani ili wajumbe wa Kaizari wasipite, kwamba alichukuliwa mji mkuu, na kwa amri ya Kaizari akauawa.

Nilipolisikia neno hilo nilinyanyua kalamu. Nikasema, "Babu, wino umeganda." Haukuganda. Huu ni mwaka wa kwanza nimemdanganya, na ni siku ya tano wino unaganda.

Nifanyeje, Mjomba? Wewe uko huko huko wanakosoma.

Mpwa wako,
Norjin


Mwaka wa Farasi, mwezi wa nne, siku ya ishirini

Mpwa wangu Norjin,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa lama, yule mtawa wa huko kwenu, aliyekuja kununua kengele za hekalu. Alisimama mlangoni kwangu akaniambia niko mwembamba kuliko alivyoambiwa. Mwambie dada yangu nakula vizuri. Nasumbuliwa na kikohozi tu, ni vumbi la mji huu. Hapa upepo wa masika unaleta mchanga wa kwetu, unaingia mpaka kwenye wino. Wenzangu wanaulaani. Mimi nauacha.

Nimempa lama miwani ndani ya ala ya bluu. Mpe Babu yako. Usiseme imetoka kwangu. Sema kuna mfanyabiashara alipita.

Hongera kwa cheti. Kutosikika ni kipaji, kitunze.

Kuhusu uliloniuliza. Ndui ni ugonjwa wa kweli, Norjin. Watu wengi sana wamekufa kwa ndui, na hakuna aibu. Andika ndui. Babu yako haoni. Ukimsomea, msomee anachotaka kusikia. Hivyo yeye atakuwa na historia yake, ofisi itakuwa na yake, na ninyi mtabaki na malisho yenu.

Usidhani nakutisha. Mwaka juzi mzee mmoja wa wilaya ya mashariki alisahihisha mstari mmoja tu wa Kitabu cha Kaizari. Mstari mmoja. Ukoo mzima umevuliwa cheo. Wanawe sasa wanachunga kondoo wa watu. Yeye mwenyewe sijui alipo. Hati iliyompeleka huko niliinakili mimi.

Uliuliza nafanya kazi gani hapa. Hapana, hukuuliza. Nilidhani umeuliza.

Fanya haraka. Mwezi wa nane si mbali.

Mjomba wako,
Demchig


Mwaka wa Farasi, mwezi wa tano, siku ya kumi na mbili

Mjomba Demchig,

Shikamoo, na pole kwa kikohozi. Mama anakutumia maziwa makavu na mafuta ya mkia wa kondoo. Anasema chemsha mafuta na chai, unywe, usijifanye mtu wa mjini. Nyasi mwaka huu ni nzuri. Ndama mwenye doa amekuwa mkorofi, anaingia hemani anakula kamba.

Miwani ilifika. Nilimwambia Babu imetoka kwa mfanyabiashara. Akaifungua ala, akainusa. "Mfanyabiashara huyu," akasema, "anavuta tumbaku anayovuta mwanangu." Akaivaa. Haoni chochote nayo, lakini kila asubuhi anaivaa kabla hatujaanza kazi, na jioni anairudisha kwenye ala mwenyewe.

Nilifanya ulivyoniambia.

Siku ya tatu ya mwezi huu nilimwambia wino umeyeyuka. Akaniimlia ukurasa wote wa Jambal, polepole, kama mtu anayevuka mto wenye mawe. Mimi nikaandika ndui. Kisha akasema nimsomee, nikamsomea maneno yake yote, farasi, theluji, amri, kifo, hata sikukwama. Sikujua kuwa naweza kudanganya kwa sauti nzuri namna ile.

Akanyoosha mkono. "Lete."

Mjomba, hili hukuniambia, labda na wewe ulilisahau. Kila ukurasa ukiisha Babu huugusisha kwenye paji la uso. Siku ile hakufanya hivyo. Aliuweka mapajani akapitisha kidole kwenye ukingo wa juu, pale mistari yetu inapoanza kushuka, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Taratibu. Mifereji ya kalamu yangu yote inasikika, si yeye aliyenifundisha kuilima? Akafika mwisho. Akaanza tena.

"Norjin, Kaizari yuko wapi?"

Nikaanza kufuta wino vidoleni.

"Nimesema kwa amri ya Kaizari. Umenisomea kwa amri ya Kaizari. Neno hilo ukilifikia unafanya nini? Mlifundishwa nini huko shule?"

Tulifundishwa, na tulichapwa vidole kwa ajili yake. Likija neno Kaizari unaukata mstari pale pale, hata kama umefika nusu tu. Unaanza mstari mpya, na neno lake unaliweka juu, lipite vichwa vya mistari mingine yote. Kwa Kaizari aliyekwisha kufa, ngazi mbili.

"Ukurasa huu uko sawasawa kama ubao wa kukandia unga," Babu akasema. "Hakuna kilichonyanyuka. Maana yake hakuna aliyeuawa. Umemfisha kwa nini? Kwa ndui?"

Nikasema ndiyo. Nadhani nilisema. Pengine hakunisikia.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alivua miwani, akaiweka kwenye ala, akasema, "Ulikuwa mwandiko mzuri." Tangu siku hiyo haniimlii neno. Anakaa mlangoni amegeuzia uso mwanga. Mama ananiuliza nimemfanya nini mzee, nasema sijui.

Jana alizungumza kidogo, lakini si na mimi, alikuwa anazungumza na Mama. Alisema, "Hii ni mara ya pili hemani mwangu." Mama akaangusha kijiko. Nilipomuuliza mara ya kwanza ilikuwa ya nani, akaniambia nikakamue.

Mjomba, mara ya kwanza ilikuwa ya nani?

Norjin


Mwaka wa Farasi, mwezi wa saba, siku ya tatu

Norjin,

Nawasalimu wote. Mafuta yamefika na kikohozi kimepungua. Hapa joto limezidi, karatasi inanata mikononi.

Hayo ya zamani usimuulize mama yako, na mimi usiniulize.

Madaftari ya wilaya yenu yatasomwa katika chumba chetu. Tuko wanne mezani. Wawili hawajui lugha yetu zaidi ya salamu, ila wanajua kulinganisha jina na jina. Wa tatu anaijua vizuri kuliko mimi na anatafuta kupanda cheo. Wa nne ni mimi. Siwezi kuchagua daftari lipi liangukie mbele ya nani. Natumaini umenielewa, maana sitaandika zaidi ya hapo.

Babu yako akikataa kuimla, daftari liende na ndui. Akikutaka uandike vinginevyo, kataa. Ni mzee, hasira zake zitapita.

Kwangu mimi hazikupita, nakiri. Lakini wewe ni mtoto mzuri kuliko nilivyokuwa.

Demchig


Mwaka wa Farasi, mwezi wa nane, siku ya kumi

Mjomba Demchig,

Salamu nyingi. Tumekata nyasi za majira ya baridi na mgongo unaniuma. Ndama mwenye doa tumemfunga kamba ya ngozi, hiyo haili. Babu anakohoa, na miguu yake imevimba. Lama amekuja mara mbili kumsomea. Hataki kulala chini kabisa, anataka kuegemea.

Daftari la kumi na mbili limeondoka leo na Karani Luvsan, nakala yake imebaki hapa nyumbani. Nakuandikia hii ikutangulie, lakini mwenye farasi wa posta ni Luvsan, kwa hiyo labda zitafika pamoja.

Nitakueleza nilichofanya. Mwanzoni mwa mwezi niliona hataweza kungoja. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake na karatasi mpya. Nikasema, "Babu, niimlie tena. Nitaandika unavyosema."

"Wakikuvua cheo?"

"Mimi sina cheo, Babu. Mimi ni msichana."

Hapo alitabasamu kidogo. Halafu akageuzia uso mlango. Akasema, "Mdogo wako wa kiume anacho. Mama yako ana malisho kwa ajili yake. Na huko mbali kuna mtu anayevuta tumbaku." Nikaelewa kwamba na yeye anaogopa. Sikuwahi kufikiri Babu anaogopa. Nilidhani mimi peke yangu ndiye mwoga wa ukoo.

Nikamwambia basi tuandike madaftari mawili, moja la ofisi, moja la nyumbani. Akakasirika. "Mtu mwenye historia mbili hana hata moja. Watakaokuja watachukua ile nyepesi." Tukakwama hapo siku tatu.

Siku ya nne nilikuwa najisomea ukurasa wangu wa uongo, nikapitisha kidole juu kama alivyofanya yeye. Sawasawa kabisa, kama ubao. Nikafikiri: wao hawapitishi kidole, wao wanasoma maneno. Nikachukua karatasi nikaandika upya, na nilipofika pale pa ugonjwa nikaukata mstari. Nikaanza mwingine. Neno *ndui* nikaliweka juu, likapita vichwa vya yote.

Nikampelekea. Sikumwambia kitu. Alivaa miwani, akapitisha kidole, akafika pale, kidole kikapanda. Kikasimama.

"Umemrudisha Kaizari?"

"Hapana, Babu. Nimeandika ndui. Ila nimeiinua."

Mjomba, alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, Mama akaja mbio na bakuli. "Tazama mtoto huyu! Hasikiki, wanasema! Kwa hiyo ndui ndiyo iliyotoa amri!" Akafuta machozi. "Lakini umekosea. Umeinua ngazi moja. Yule alikwisha kufa zamani. Inua mbili, tusikose adabu."

Nikaandika tena, ngazi mbili. Akaugusisha kwenye paji la uso.

Sasa umejua. Ukurasa wa thelathini na moja. Anayejua kusoma kwa jicho tu ataona kosa la mzee. Anayejua zaidi ataona tulichofanya. Mwandiko wangu wa kweli ni huu unaouona, mbaya. Naomba ukuangukie wewe.

Norjin


Mwaka wa Farasi, mwezi wa kumi, siku ya kumi na tano

Mpwa wangu Norjin,

Nakusalimu, namsalimu dada yangu, namsalimu baba yangu kwa jina langu mwenyewe. Mwambie miwani ilitoka kwangu, ingawa anajua.

Haukuniangukia mimi. Uliangukia kwa yule wa tatu. Aliusoma mara moja, akauleta mezani akauweka katikati kama mtu anayeweka samaki mkubwa. Akauliza, "Ugonjwa gani huu unaokaa mahali pa Kaizari?"

Norjin, nilikuwa na barua yako ya mwezi wa nane ndani ya mkono wa joho. Sikuwa nimeifungua. Lakini nilipoutazama ukurasa ule sikuhitaji kuifungua.

Nikasema ukurasa huo ulilowa njiani, nikaunakili upya mimi mwenyewe, nilikuwa na homa, mkono ukateleza. Akasema mbona mwandiko ni wa kitabu chote? Wakanipa kalamu ya mwanzi na karatasi wakasema andika. Sijashika mwanzi miaka kumi na tisa, hapa tunatumia brashi. Nikakandamiza. Nikaandika mistari mitatu. Wakaweka karatasi mbili pamoja. Zilikuwa mwandiko mmoja. Unadhani mimi nilifundishwa kuandika na nani?

Nimechapwa fimbo arobaini na nimeondolewa kazini. Daftari limepita. Ukurasa wameuandika upya wao wenyewe, sawasawa kama ubao. Huko ofisini Jambal amekufa kwa ndui tena, na hakuna aliyekuja kuuliza ukoo wenu kitu.

Uliniuliza mara ya kwanza ilikuwa ya nani. Mwaka wa Nguruwe walikuja kukusanya matawi ya koo. Baba aliniimlia, mimi nikaandika ndui. Macho yake yalikuwa mazima wakati huo. Alisoma, akanirudishia karatasi, akasema mwandiko mzuri. Basi. Wiki ile ile ofisa akaniambia vijana waangalifu kama mimi wanahitajika mji mkuu. Nimekuwa mwangalifu miaka kumi na tisa.

Nakuja nyumbani. Siwezi kukaa juu ya farasi bado, nasafiri kwa mkokoteni polepole. Nitapumzika katika hekalu la njia panda ya kaskazini mpaka mgongo upone, niandikie hapo. Nitafika kabla ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya haujaanza. Mwambie baba asilale mpaka nije. Na daftari la nyumbani, ile nakala mliyobaki nayo, utoe ukurasa wa thelathini na moja. Andika kama alivyosema, neno kwa neno.

Mjomba wako,
Demchig


Mwaka wa Farasi, mwezi wa kumi na moja, siku ya sita

Mjomba wangu Demchig,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Pole na mgongo. Mama ametuma ngozi ya kondoo wa mwaka huu, lala juu yake.

Babu hakukungoja. Aliondoka siku ya tisa ya mwezi wa kumi, asubuhi, akiwa ameegemea, amevaa miwani. Barua yako ilifika siku kumi na sita baadaye. Nilikwenda nikaisoma kwa sauti mahali alipokuwa anakaa mlangoni, yote, hata pale pa fimbo. Pale pa kalamu ya mwanzi nilisoma mara mbili. Nadhani angecheka.

Mama hajasema mengi. Amekutandikia upande wa magharibi wa hema. Kila siku anakunja, anatandika tena.

Ukurasa wa thelathini na moja nimeutoa, nimeandika upya. Farasi wamo, theluji imo, mazizi yaliyofunguliwa yamo. Kuna jambo nimefanya ambalo Babu hakuniagiza, nawe utaliona ukipitisha kidole. Nilipofika kwenye neno Kaizari sikuukata mstari. Nimemwacha humo humo ndani, kati ya farasi na baridi, neno kama neno lingine. Mstari niliukata mbele kidogo, nikaanza mpya. Aliye juu ni Jambal. Ngazi mbili.

Na kuna lingine. Kitabu hakikuwa kimeisha. Babu alibakiza miaka sitini mpaka leo, ambayo amri haikuidai, na huku watu wote, Luvsan, lama, hata Mama, wanaamini aliimaliza kabla hajaugua. Hakuimaliza. Naiandika mimi, kila asubuhi, kwa mkono wake. Mambo mengi alinisimulia tukikamua. Mengine nawauliza wazee nikijifanya nauliza tu. Nilifika Mwaka wa Nguruwe. Nimekuandika, Mjomba. Nimeandika ulichoandika, halafu nimeandika fimbo. Nimeona vikae vyote viwili.

Nilipofika mwezi wa kumi wa mwaka huu nikakwama. Siwezi kuandika kwa mwandiko wa Babu kwamba Babu amekufa. Nimeshika kalamu siku nne. Leo nimeuandika mstari huo kwa mwandiko wangu, huu mbaya, usio na mfereji. Ukifungua ukurasa wa mwisho utaona mahali mkono unapobadilika. Ni mstari mmoja tu.

Wewe utauona. Mwingine akiuona, miaka ijayo, na akajua kilichotokea hapo, hata yeye namwomba kama ninavyokuomba wewe: asimwambie mtu.

Norjin